Flamingo wameenda wapi, na hao weupe wa jioni ni akina nani? Maswali yenu ya ndege wa maji

Wasomaji hamjambo. Tulisema toleo lililopita kwamba mwezi huu maswali yatakuwa ya ndege wa maji, basi meseji zikaanza kuingia na hazijaacha. Nimechagua chache, zingine nimeziunganisha ju watu wanne wanauliza kitu kimoja kwa njia nne. Wale mlioniuliza kama bundi analeta mkosi, subirini, bundi atapata siku yake.

SWALI: Mhariri, habari ya kazi. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, tukiwa wadogo ukipanda Baboon Cliff unaona pinki tupu mpaka ng'ambo. Juzi nimepeleka wageni wa kutoka Kakamega, wamelipa pesa yao vizuri, tumezunguka, flamingo ni wachache na wako mbali, wageni wakaanza kuniangalia kama tapeli. Walikufa ama walihama? Na kama walihama wanarudi lini?
Msomaji, Section 58, Nakuru

JIBU: Pole ndugu yangu, lakini wewe si tapeli na flamingo hawajaisha. Wamehama, na wanahama kwa sababu ya tumbo kama sisi wote.

Flamingo wa hapa ni wa aina mbili. Wengi ni yule mdogo, mdomo wake ni mwekundu uliokolea mpaka kwa mbali unadhani ni mweusi, na huyu ndiye alikuwa anafanya ziwa lionekane pinki. Mwingine ni mkubwa, mrefu, mweupe-mweupe, mdomo wa pinki na ncha nyeusi. Huyo mkubwa anachokora wadudu na vitu vidogo vya kwenye tope kwa hivyo si mchaguzi sana. Mdogo chakula chake kikubwa ni mwani mdogo mno unaoitwa spirulina, ndio huo huo watu wa mambo ya afya wanauza kwa kopo bei ya kushtua, na anaula akiwa amepindua kichwa juu chini ndani ya maji, ulimi unavuta maji na kuyasukuma nje haraka haraka na vichujio vya mdomoni vinabaki na mwani. Hata hio rangi ya pinki inatoka kwa chakula, kifaranga anaanguliwa akiwa kijivu.

Sasa, huo mwani unapenda maji makali ya magadi. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka, Njoro na Makalia na Nderit zinaingiza, lakini kutoka ni kwa jua peke yake, maji yanapanda hewani na chumvi inabaki chini ikijikusanya. Lakini tangu karibu 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakijaa, wewe unakaa Nakuru umeona geti kuu la zamani lilivyozama na watu wa Mwariki walivyohama manyumba yao. Maji yakizidi ule ukali unapungua, mwani unapungua, na flamingo mdogo hana sababu ya kukaa. Anaenda Bogoria, anaenda Elmenteita, popote mwani umeshika. Tena anasafiri usiku, ndio maana unalala wakiwepo unaamka hawapo na mtaa mzima unasema wamekufa. Kutaga mayai ni stori nyingine kabisa, karibu wote wa Afrika Mashariki wanataga Ziwa Natron kule Tanzania, kwa hivyo hata enzi zile za pinki tupu Nakuru ilikuwa hoteli yao, kwao si hapo.

Watarudi lini? Mtu akikupa tarehe, huyo sasa ndiye tapeli. Wanakuja kiasi, wanaondoka, inategemea mwani.

Lakini na mimi nikuulize, wageni wako walikuwa wanaangalia wapi? Ju Nakuru ya saa hii iko na vitu. Ile miti ya migunga iliyozama ikakauka imesimama ndani ya maji, matawi yake yamejaa mnandi, wale ndege weusi wa kupiga mbizi, wengine wametanua mabawa wakianika, maana manyoya yao yanalowa maji (ndio yanawasaidia kuzama vizuri) wakitoka lazima wakauke. Kuna furukombe, yule tai wa kuvua samaki. Na kuna mwari weupe wanavua kwa kikundi, wanajipanga nusu duara wanasukuma samaki kwenye kina kifupi halafu midomo yote inaingia majini wakati mmoja. Hao mwari hawakuwa kitu kikubwa hapo zamani, walikuja kwa wingi baada ya samaki wadogo wa Ziwa Magadi kuletwa Nakuru kuanzia miaka ya 1950 ili wale viluwiluwi vya mbu, mbu sijui kama walipungua lakini mwari walinenepa. Wanazalia visiwa vya mawe vya Elmenteita na wanakuja kuvua Nakuru, asubuhi hewa ikishapata joto unawaona wakizunguka wakipanda juu bila kupiga bawa, halafu wanashika njia.

Siku nyingine ukiwa na wageni uliza maaskari wa wanyamapori pale getini kabla hamjalipa, wanajua flamingo wako upande gani ama kama hawako kabisa. Kama hawako, Elmenteita unaliona ukiwa juu pale barabara kuu ya Nairobi na ukingo wake mara nyingi unakuwa na pinki. Na tafadhali tuache kusema mbuga imekufa. Hio sehemu ilitengwa 1961 kwa ajili ya ndege, vifaru wamekuja kuwekewa ulinzi pale miaka ya 1980, na 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuingia orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Ndege wapo, ni orodha tu imebadilika.

SWALI: Dada mhariri, hapa kwetu kila jioni ndege weupe wanapita juu ya nyumba mstari kwa mstari. Mamangu anawaita wote okok, mtoto amefunzwa shule ni yangeyange, jirani anasema ni korongo. Nani yuko sawa tufunge huu mjadala?
Mama wa watoto wawili, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mama, mamako ako sawa kwa hao wa jioni. Lakini ukishuka ziwani huo weupe unakudanganya, pale Dunga unaeza simama mahali pamoja na mbele yako kuna aina tatu ama nne za weupe na zote unaziita jina moja. Nitakaa hapa kidogo ju hili swali nimeulizwa na watu wengi sana na picha mnazonitumia kusema ukweli ni nukta nyeupe kwenye majani.

Sahau weupe. Angalia mdomo, miguu, na anafanya nini.

Yule wa ng'ombe, huyo wa mamako, ni mfupi, shingo nene, mdomo wa njano mfupi, anafuata ng'ombe ama trekta ju wanaamsha panzi. Hana haja sana na maji. Wakati wa kuzaa anapata rangi ya hudhurungi kichwani na kifuani, na jioni wanakusanyika wanaenda kulala pamoja kwenye miti, mara nyingi karibu na maji, hio ndio mistari inayopita juu ya paa lako.

Wa pili ni mwembamba, mdomo mweusi, miguu myeusi, halafu vidole vya njano kabisa, anaonekana amevaa soksi. Anatembea kwenye maji mafupi, anatikisa mguu mmoja kwa tope kuamsha samaki, anaruka huku, anakimbia kule, hatulii. Ukiona weupe wenye papara, angalia vidole. Shida ni kwamba vidole viko majini, lazima usubiri aruke ama apande jiwe, na hapo ndio wengi wetu tunachoka na kusema basi ni yangeyange.

Wa tatu ni yule mkubwa, mrefu karibu kama korongo wa kijivu, shingo iko na kona kama imevunjika ikaunganishwa, anasimama tuli dakika nyingi. Mdomo wake ni wa njano lakini wakati wa kuzaa unageuka mweusi, kwa hivyo usitegemee rangi peke yake. Kitu cha uhakika ni ule mstari wa mdomo, kwa huyu mkubwa unapita nyuma ya jicho. Kuna ndugu yake wa kati, mdomo wa njano pia, kwake mstari unaishia chini ya jicho hapo hapo. Najua mnasema nani ataona mstari wa mdomo kwa mbali, lakini wavuvi wakiwa wanasafisha samaki hawa ndege wanakuja karibu sana, unaona mpaka kope.

Halafu kuna mmoja wa kukuchezea akili, mdogo wa rangi ya udongo amejikunja kwenye gugu, umempita mara tatu hujamwona, akiruka tu mabawa yote ni meupe pe! Akitua anakuwa udongo tena. Huyo kwa Kiingereza wanamwita squacco heron, na mtoto wako akimwona mwambie ashike rangi ya akiwa ameketi na ya akiwa hewani, zote mbili.

Korongo wa jirani? Kwa Kiswahili cha watu hilo jina linabeba nusu ya ndege wote wenye miguu mirefu, mwachie tu.

SWALI: Niko na siku moja ya kupumzika kwa wiki na pesa kidogo. Nataka kuona ndege Dunga, niende saa ngapi na nibebe nini? Nasikia pia kuna viboko.
Fundi wa simu, Kondele

JIBU: Kaka, Dunga ni ya kwenda mapema. Kutoka mjini ni boda ama tuktuk, fika kama kumi na mbili na nusu. Kuna sababu mbili, ndege wanakula asubuhi, na ziwa liko magharibi yako kwa hivyo jua linakuwa mgongoni na unaona rangi. Jioni ni nzuri kwa picha za machweo lakini jua linakupiga machoni na kila ndege anakuwa kivuli cheusi.

Viboko ni kweli na usifanye mzaha nao. Usiku wanatoka kula nyasi na alfajiri wanarudi majini, wewe ukiwa umesimama kwenye njia yao kati yao na maji, hapo ndio watu wanaumia. Usiingie kwenye mafunjo peke yako giza giza. Ongea na vijana wa pale ufuoni wanaoongoza wageni, wanajua njia, na bei mnapatana kabla hujakanyaga boti si baada. Laifu jaketi uvae hata kama nahodha hana yake. Upepo wa mchana unaamsha mawimbi, ukienda na boti rudi kabla ya saa sita. Na usitumbukize miguu ukingoni ati unapoa, kuna konokono wanaobeba kichocho.

Sasa ndege. Watu wengi wanaenda Dunga kutafuta ndege wakubwa, mimi nakwambia kaa kwenye boti kando ya mafunjo, mwambie jamaa azime injini, mnyamaze. Utasikia mluzi na sauti nyingine inajibu papo hapo, ni ndege wawili dume na jike. Huyo ni gonoleki wa mafunjo, mgongo mweusi, kifua chekundu cha kukolea na utosi wa njano, na anaishi kwenye mafunjo ya sehemu hizi za Ziwa Victoria na vinamasi vya jirani, wazungu wanapanda ndege kutoka mbali kuja kumwona wakati sisi tunapita na tuktuk. Kuna mwingine wanafanana, yeye kichwa ni cheusi chote na anakaa hata kwenye bustani za Milimani, kwa hivyo ukikosa njano utosini si yeye. Mafunjo yakikatwa yote kwa mikeka na kuchomwa, huyu hana pa kwenda. Watu wa mikeka nao wanakula hapo, sina jibu rahisi, ila kukata kwa zamu na kuacha sehemu nyingine ikomae kunasaidia kuliko moto.

Usimchezee sauti yake kwa simu ili atoke. Najua wewe ni fundi wa simu na spika unazo. Anadhani amevamiwa, anaacha kulisha watoto anakuja kupigana na spika.

Mdiria mweusi na mweupe pia mwangalie, yule anayesimama hewani akipepea kabla hajadondoka. Dume ana mikanda miwili kifuani, jike mmoja.

SWALI: Hyacinth ikija tunalia sisi wavuvi, lakini naona kuna ndege wa kahawia wanatembea juu yake raha mustarehe. Sasa hii magugu ni nzuri kwa ndege ama mbaya?
Mvuvi, Usenge

JIBU: Mzee wangu, inategemea unauliza ndege gani. Hao wa kahawia wenye paji la samawati ni jakana, wana vidole virefu kupita kiasi vinavyogawa uzito, wangekuwepo hata bila hyacinth ju walikuwa wanatembea juu ya mayungiyungi. Magugu yakija wao wanapata uwanja mkubwa. Ukipata nafasi waangalie wakati wa vifaranga, jike anataga anaenda kwa dume mwingine, dume ndiye anaatamia na kulea, na akiona hatari anawabeba chini ya mabawa anatembea nao, unaona tu vimiguu vidogo vimening'inia pembeni.

Lakini mdiria anataka maji wazi aone samaki, mnandi anataka maji wazi, furukombe pia. Ghuba ikifunikwa hao wanahama kama nyinyi mnavyofunga boti. Hii magugu asili yake ni Amerika Kusini, ilionekana Ziwa Victoria karibu mwisho wa miaka ya 1980. Kwa hivyo kwa jakana nzuri, kwa wengi mbaya, na kwa wewe najua.

SWALI: Kuna vijana wanapitanga huku na nyama ya ndege wa mashamba ya mchele, wanasema ni bata maji. Bei ni nzuri kuliko kuku. Kuna ubaya?
Msomaji, Budalang'i

JIBU: Usinunue. Sitazunguka. Kwenye mashamba ya mchele ya Bunyala ilishajulikana kwamba kuna watu walikuwa wanaua ndege kwa sumu ya kuulia wadudu wa mimea, ile ya punje za zambarau, carbofuran. Kuna korongo mmoja mweusi ambaye mdomo wake una pengo katikati hata ukiufunga, kazi yake ni kula konokono, basi wanaweka sumu kwenye konokono, na wanafunga ndege hai shambani ili wenzake washuke wakidhani kuna usalama. Anayeuza anakwambia akitoa matumbo sumu imeisha. Hio ni sumu ya neva, nani alipima hio nyama kabla ufike mezani? Na mbwa akila mabaki, na mwewe akila, mnyororo unaendelea.

Tena kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Ukiona ndege wengi wamekufa pamoja shambani usiwashike na mikono, zuia watoto na kuku wasikaribie, na upige ripoti kwa ofisi ya KWS (shirika la wanyamapori) iliyo karibu ama kwa chifu. Kuku awe ghali tu.

SWALI: Binokula gani ya kuanza nayo? Dukani wananiambia kubwa ndio nzuri.
Wengi wenu, kutoka Kitale mpaka Molo

JIBU: Tafuta yenye maandishi 8x42. Nane ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, hio ya mbele ndio inaingiza mwanga asubuhi na mapema. Ukienda 10 na zaidi mkono ukitetemeka kidogo ndege anacheza disko, na ukiwa kwenye boti ndio kabisa. Za watoto za plastiki achana nazo. Ukinunua ya mtumba angalia kitu cha mbali dakika nzima, ukiona duara mbili ama kichwa kinaanza kuuma, vioo vimepinda, rudisha. Mulika tochi ya simu ndani uone kama kuna ukungu wenye nyuzi nyuzi, hio haisafishiki.

Kama huna, anza na macho. Wale weupe wa Mama wa Nyalenda hawahitaji binokula.

SWALI: Nina wanafunzi wa gredi ya sita, klabu yetu ya mazingira inataka kuhesabu ndege kama wanavyofanya wataalamu. Tunaanzia wapi?
Mwalimu, Ahero

JIBU: Mwalimu, umekaa kwenye mashamba ya mchele ya Ahero halafu unauliza mnaanzia wapi! Anzieni hapo kwenye mifereji, kwa ruhusa ya wenye mashamba.

Kila Januari ndege wa maji wanahesabiwa kwenye maziwa na vinamasi vya Kenya, ni kazi ya pamoja ya Makumbusho ya Taifa, KWS na Nature Kenya pamoja na watu wa kujitolea, na hio Nature Kenya ni chama cha zamani sana, kilianza 1909. Januari imechaguliwa kwa sababu wageni wa kutoka Ulaya na Asia bado wako huku, wale ndege wadogo wa matopeni wa kahawia wanaokimbia-kimbia, na bata wa kaskazini. Wanafika kuanzia karibu Septemba na Oktoba na ikifika Aprili wengi wameshaenda. Waandikie Nature Kenya mapema waseme timu ya upande wa Kisumu inatoka wapi.

Kabla ya hapo wafunze watoto kukadiria. Mtoto ahesabu ndege kumi mmoja mmoja, aone hao kumi wanachukua nafasi gani kwa macho, halafu apime kundi zima kwa kumi kumi. Wakiwa mia ama zaidi apime kwa hamsini. Gawa watoto wawili wawili, mmoja anaangalia mwingine anaandika, ju ukiinamisha macho kuandika ndege wameshabadilisha nafasi. Kila kundi lihesabu mara mbili kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kama namba zinatofautiana sana wahesabu tena, wasipatane katikati ili wamalize mapema. Gambuti kwa kila mtoto, kofia, maji ya kunywa, na usiwapeleke siku shamba limepuliziwa dawa.